Matiti ya Sufu na Taa za Kijani

Jumatatu, 4 Machi
Dada yangu Glenys kaja analia, hata chai hakugusa. Anafuma matiti ya sufu, anawapa bure kina mama waliokatwa titi kwa saratani, wajazie sidiria. Sasa tovuti yake imefungwa! Chujio la kampuni za simu, lile la kuwakinga watoto, limeona neno "matiti" likadhani uchafu. Bi Parry katoka hospitali juzi, kaitafuta kwenye simu, kaambiwa ukurasa huu haufai watoto. Mama wa miaka sabini! Nimeapa: naunda mtambo wa kukagua tovuti zilizofungwa kimakosa. Na Gethin wa klabu yetu ya kompyuta atafyata mkia. Anajiona ndiye mjuzi wa mji mzima wa Llanelli.

Ijumaa, 8 Machi
Mtambo umewaka! Kompyuta nne kuukuu darini, kila moja na laini ya kampuni yake ya simu. Naandika anwani, zote nne zinaenda kupiga hodi. Ikifunguka, taa ya kijani. Ikigoma, nyekundu. Nimeziachia anwani maelfu. Mungu wangu! Mimi Dilwyn, fundi bomba mstaafu, nimekalia ndoo nikiitazama dunia ikipita: muuza jibini wa Cardigan, kanisa la Patagonia, mfuga nyuki wa sijui wapi. Machozi yamenilenga. Na zote kijani, hata ya Glenys! Nimempigia: shida imekwisha. Kasema Bi Parry bado haoni kitu. Nimemwambia simu ya Bi Parry ni mbovu.

Jumanne, 12 Machi
Klabuni, chumba cha nyuma ya kanisa. Nimetangaza kwamba hapa kwetu Wales hakuna tovuti iliyofungwa. Makofi! Gethin, keki mdomoni, kauliza swali moja tu: hizo laini zangu, chujio limewashwa? Loo! Kwetu laini huja na chujio mpaka mwenyewe useme ni mtu mzima. Na mimi husema siku ileile ya kununua, kwa ajili ya tovuti ya kupika bia. Mtambo wangu ulikuwa unapita mlango wa wakubwa! Wamecheka hadi chai ikawapalia. Gethin kasema, pole, mtu mzima.

Jumatano, 13 Machi
Nimezipigia kampuni zote nne zinirudishe utotoni. Binti mmoja kauliza, baba, una miaka mingapi? Sitini na minne. Na unataka tukuhesabu mtoto? Ndiyo, mwanangu. Kauliza kama kuna mkubwa yeyote hapo nyumbani. Adabu hana!

Kisha taa. Nyekundu! Mkunga wa Carmarthen, nyekundu. Wanaowasaidia walevi kuacha pombe, nyekundu. Kimbilio la wake wanaopigwa, nyekundu. Kumbe wote hawa walikuwepo, wanaita, na hakuna anayewasikia. Ya Glenys, nyekundu mara nne. Nimeandika malalamiko kwa kampuni zote nne.

Jumamosi, 16 Machi
Wamemfungulia! Bi Parry kaingia, kaagiza titi la rangi ya zambarau. Glenys kanikumbatia, kasema kaka yangu, Mungu akuweke. Nimesimama kama mnara.

Sasa dunia inijue. Nimefungua tovuti yangu, nimeanika kila anwani nyekundu, hata za uchafu halisi, watu waione kazi. Gethin kaonya: chujio litakuona wewe ndiye mwenye danguro. Wivu tu! Nimemlazimisha Glenys aweke jina langu juu kabisa ya ukurasa wake, ukilibonyeza unafika kwangu.

Jumatatu, 18 Machi
Tovuti yangu imefungwa. Na ya Glenys, kwa kosa la kuwaleta watu kwangu. Kapiga simu. Safari hii hakulia, na hilo limeniuma zaidi. Bi Parry alikuwa hajamaliza kutuma vipimo. Kaniomba ruhusa afute jina langu.

Afute jina? Subiri kwanza! Nimepata dawa. Nimezipigia kampuni zote nne, nimewaambia mimi ni mtu mzima. Nimepanda darini. Ajabu ya Mungu! Kijani tupu, yangu na yake, dari lote linang'aa.

Nimempigia Glenys: shida imekwisha.