Mazishi ya Bwana Matiasi

Leo nimejivua nguo mbele za watu, na gauni la kitenge nilikuwa nalo mwilini. Naandika mwenyewe kwa simu, ndugu zangu, kidole kimoja, kabla jirani yangu Tatu hajawarushia video. Mkipata ya Tatu kwanza mtaniona nimelala sakafuni, sababu hamtaijua.

Mnawakumbuka wageni wa Ulaya, wale wa barabara ya chumvi. Kwao kuna njia ya kale inayopita nchi tatu, babu zao waliipitishia chumvi. Nchi hizo zilipigana mpaka zikachoka. Sasa njia imefufuliwa, kila mji unaonyesha ngoma zake na mapishi yake, wageni wanamiminika, na watoto wao wanajiona wa nyumba moja. Wakatuambia, na ninyi si mna njia ya misafara, Bagamoyo mpaka Ujiji? Wakawa wanatafuta kikundi kimoja cha kushirikiana nao. Tukabaki wawili: sisi akina mama wa Chemchem, hapa Tabora, na wenzetu wa Ujiji. Jibu lilikuwa leo.

Mkubwa wao ni Bwana Matiasi, Mjerumani. Huyu ni mtani wangu. Mwaka juzi nilimweleza, mjukuu wangu Veronika akitafsiri, kwamba utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo ulizaliwa njia hiyohiyo. Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani, wakaona kutaniana kuna nafuu kuliko kupigana. Mzee akafikiri, akasema, "Babu zangu walipigana na babu zako hapahapa Tabora. Basi na sisi ni watani." Tangu hapo ananiita Mpagazi, mimi namwita Mla Viazi. (Mtu wa darasa la tatu nimeingia utani na Ulaya. Nilijivuna, nakiri.)

Saa nne naingia ukumbini. Matiasi simwoni. Veronika simwoni. Mbele kuna meza, kitambaa cheupe, maua, na katikati ya maua picha kubwa ya Matiasi ndani ya fremu.

 Nilijua alipasuliwa moyo mwaka huu.

Mama wa Kizungu, Karina, anapangusa macho. Mwenyekiti wetu, Mama Skola, akasema kwa sauti ya chini, "Tusimame. Tunyamaze kabisa." Wote wakasimama.

Nikamnong'oneza Tatu, "Lini?"

"Sasa hivi. Hebu nyamaza."

Sasa hivi, tena ugenini. Ninyi mnajua, kwetu mtu hasindikizwi kwa kimya. Mtani ndiye anayemwigiza marehemu, anamsema, anajilaza kaburini na kukataa kutoka, wafiwa wacheke kidogo wapate nguvu ya kulia. Nikawatazama wale Wazungu, hakuna hata mmoja anayetania. Nikasema moyoni, maskini Matiasi, ataondokaje hivi na mimi nipo?

Nikatoka mbele. Kofia yake ilikuwa kitini, nikaivaa. Nikatembea kama yeye, tumbo mbele, mikono nyuma, kila hatua ya tatu najipiga mbu shingoni. Mama Skola akanitolea macho. (Nikadhani ni uchungu.) Nikachukua picha, nikajilaza chali mbele ya meza, nimeikumbatia.

"Mla Viazi we, umekufa na kikapu changu hujarudisha. Ugali wetu ulikuwa unaukimbia, haya, huko uendako tuone nani atakumenyea viazi. Msalimie Felista wa Kitete. Msalimie Bernado fundi baiskeli, na mkewe Salome, na mama yake Salome. Msalimie mume wangu Yosefu, mwambie lile bati la jikoni bado linavuja..."

Mnanijua kwa majina. Nilikuwa nimemaliza marehemu wa mjini, naanza wa Urambo, mlango ukafunguliwa. Veronika. Nyuma yake Matiasi, anajifuta mikono. Alikuwa msalani.

Kumbe mzee anastaafu. Picha ni zawadi yake, na kimya kilikuwa cha kumshtukiza akiingia. Karina ana mafua ya vumbi letu.

"Bibi," Veronika akasema polepole, "unafanya nini huko chini?"

"Nazika."

"Unamzika nani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Ningemwonyesha nani mwingine?

Veronika akatafsiri. Yule mzee rangi ikamtoka, akashika kifua, akatafuta kiti. Hapo nilitamani kaburi liwe la kweli. Mtu katoka kupasuliwa moyo, namwonyesha mauti yake na kofia yake kichwani. Na wenzangu wananitazama, miaka miwili wamefanya mazoezi jua na mvua, na Ujiji naiona kabisa inapokea cheti cha ushirikiano.

Matiasi akanywa maji. Akauliza, "Nimekufa lini?"

"Niliambiwa sasa hivi."

"Na kikapu?"

"Unacho wewe."

Hakucheka. Aliwaita wenzake pembeni, wakateta kwa lugha zao tatu. Mama Skola alikuwa anatazama dari. Aliyecheka ni Tatu, simu mkononi.

Mwisho Karina akasimama, Veronika akatafsiri. Ngoma nzuri wameziona, vikapu pia, Ujiji nao wanavyo. Lakini katika miji yao yote ya barabara ya chumvi hawajamwona mtu wa nchi hii akimlilia mtu wa nchi ile namna hiyo. Wamechagua Chemchem.

Vigelegele. Na mimi nikapiga changu, kidogo, kwa adabu, maana bado nilikuwa chini.

Ila wana sharti. Kila mwaka wageni wa barabara ile wakija, sherehe ifunguliwe kwa mazishi yaleyale, niyafanye mimi, na mbu, na bati la Yosefu. Marehemu atakuwa Matiasi, ameomba mwenyewe. Anataka tu nimpunguzie tumbo.

Kwa hiyo video ya Tatu msihangaike kuitunza. Aibu ya watu wengine huisha jioni, yangu imewekewa ratiba.