Kindi Aliyepumua

Jumatatu, 3 Machi 1941
Hollywood nzima haina mkono kama wangu. Nikichora mbwa, paka wa jirani huhama mtaa. Ajabu, hapa studio ya katuni nimepewa kuosha. Karatasi angavu za plastiki zenye michoro zikishapigwa picha hutiwa alama nyekundu, nami naziosha zichorwe upya. Leo Bwana Haskell, mkuu wa wachoraji, katangaza kiti kimoja cha mchoraji mezani kwake. Michoro iletwe Alhamisi. Virgil, muoshaji mwenzangu, naye anakitaka. Nimemshauri atafute mto, kiti ni changu na sakafu ni ngumu.

Jumanne, 4
Nimejipenyeza chumba cha maonyesho. Kindi anamwibia mbwa mlinzi kofia. Kindi huyo namjua, miguu yake nimeifuta mwenyewe kwa sabuni. Lakini ukutani alikuwa hai. Akasimama, akawaza, akanigeukia. Mwili ukanisisimka. Nikasahau kujificha, nikatimuliwa.

Jumatano, 5
Ustadi ninao, karatasi safi sina. Nimebeba bunda kwenye rafu ya chumba cha kamera, nikaosha fasta. Virgil kaniuliza, "We, hizo zimeshapigwa picha kweli?" Nikamwambia mambo ya wakubwa ayaache.

Alhamisi, 6
Nimepeleka michoro kumi na sita: kindi anavua kofia, anainama. Opal, dada wa kupaka rangi, kauliza kama kindi wangu ana mimba. Nikamwambia dada'angu, huyo kashiba tu.

Jumamosi, 8
Michoro ya waombaji imeoneshwa ukutani. Kindi wangu akainama. Kifua kikapanda, kikashuka. Mimi sikumfundisha kupumua! Opal akashika mdomo. Sekunde moja tu, lakini ningeweza kuhamia humo na godoro langu.

Kisha Haskell akauliza iko wapi sehemu ya kindi kuagana na mbwa, kazi ya Opal ya wiki tatu, iliyokuwa rafuni ikingoja kamera. Virgil akanigeukia.

Kiti kapewa Virgil. Mimi nimeamriwa niwaoshe kindi wangu wote kumi na sita, Opal apate pa kuanzia upya. Nikaosha. Opal akalia, glavu zake nyeupe zikalowa.

Nimeshapanga jingine. Rafu ya juu kuna bunda la michoro ya mbwa, linanitosha michoro arobaini. Alama sijaitazama. Wakiniuliza ya leo, nitasema Virgil ana wivu, Haskell haoni mbali, na sabuni yao kali mno. Humu hasomi mtu, basi niandike: kwenye bunda la Opal alama nyekundu haikuwepo. Nilitazama kabla ya kuosha, nikaona haipo.