Nilivyowakana Kambale Wangu Hadharani

Leo nimejiaibisha mbele ya nusu ya watu wa hapa Nambambo. Tena kwa hiari yangu.

Mnajua nafuga kambale bwawani. Shemeji yangu Hamisi, mume wa dada, anavua kambale mto Mbwemkuru, upande wa Ruangwa. Tangu aoe kwetu hajaacha kunitania: "Shemeji, samaki wako wamenenepa maji tu. Mafuta yenye afya yako mtoni." (Wateja wakaanza kumwamini. Hata mimi, kimoyomoyo.)

Leo kikundi cha akina mama kilikuwa kinachagua samaki wa kuwapikia watoto siku za kliniki. Wangu au wa shemeji. Afisa lishe akataka haki itendeke: wapikwe chukuchuku, maji na chumvi tu, kila samaki na bakuli lake. Mpishi, Bi Somoe, peke yake ndiye ajue lipi la nani.

Bakuli la kwanza, supu nyepesi, mafuta ya kutafuta. La pili, mafuta yameelea mpaka yanang'aa. Nikaonja. Nyama laini, tamu. Huyu wa mtoni, nimekwisha.

Nikaamua nishindwe kiungwana. (Hakuna aliyeniuliza.) Nikasimama.

"Akina mama, ukweli usemwe. La pili ni la shemeji, huyo ndiye samaki. La kwanza ni langu, mnisamehe, ni maji ya kuoshea vyombo."

Nikampa shemeji mkono. Akaupokea na kuanza kushukuru watu kama diwani aliyeshinda uchaguzi.

Bi Somoe akasema taratibu, "Mwanangu, kaa kwanza. La pili ndo lako."

Walicheka mpaka watoto mgongoni wakaamka. Shemeji alikuwa bado kanishika mkono.

Afisa lishe akasema wingi wa mafuta si hoja, hoja ni aina yake, yale yanayojenga ubongo wa mtoto, na hayo hutokana na chakula cha samaki. "Unawalisha nini?"

"Mabaki ya dagaa, na mchwa."

Akatikisa kichwa kukubali. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Mimi nachukua wa bwawani. Hata aliyewakana kawasifu." Mikono yote ikafuata, mkono wa shemeji ukiwa wa mwisho.

Nimeshinda, wenzangu. Msicheke. Nimetoka bwawani sasa hivi kuwaomba radhi kambale, na wote wamenipa mgongo.