Kataa Wanne wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata dawa ya ukapera! Mtaalamu wa hesabu kaieleza redioni nikiwa nakata vioo. Ukijua idadi ya wachumba utakaokutana nao, waangalie wa mwanzo, zaidi kidogo ya theluthi, uwakatae wote, hata akija malaika. Kisha mchukue wa kwanza atakayewazidi hao. Uliyemkataa humrudii. Basi! Na mimi nimechoka kula chakula cha jioni nikitazamana na sura yangu kwenye kila kioo cha duka.

Shangazi, ambaye ameapa kuniozesha mwaka huu, anasema ana mabinti kumi na mmoja wa kunikutanisha nao. Nimepiga hesabu: nakataa wanne, kuanzia wa tano nafumbua macho. Shangazi sijamwambia.

Nimemsimulia kinyozi, jirani yangu wa duka. Amecheka mpaka akamkata mteja sikio. Kidogo tu. Akasema yeye akimpenda mtu anamwambia. Ndiyo maana naye ni kapera.

Alhamisi, 6 Machi

Wa kwanza, muuguzi. Nimemkataa kwa adabu. Kanipa mkono, kaenda zake, hata hakununa. Hilo limeniuma kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Ole wangu! Wa pili ni mwalimu wa udereva. Kaingia dukani, kajitazama kwenye kioo kikubwa cha ukutani, akaniambia kinanenepesha watu na sitakiuza mpaka nizeeke. Kweli, hakijawahi kuuzika. Kisha akauliza kwa nini nina penseli kwenye kila sikio. Nikasema moja ni ya akiba. Akacheka kicheko cha kutikisa rafu, nami nikacheka, na kwa mara ya kwanza duka likaonekana lina watu.

Lakini ni wa pili! Nikajikaza kisabuni, nikamwambia kwa sauti ya tangazo la msiba kwamba hatufai. Akauliza sababu. Nikasema ni za kitaalamu. Akanitazama, akachukua mkoba, akaondoka.

Mchana nimepasua vioo viwili. Kinyozi kaja kuuliza yule dada anafundisha shule gani. Nimejitia sijui. Shangazi kamwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Wa tatu na wa nne wameletwa kwa mkupuo, maana Shangazi ana haraka. Sikumbuki hata sura zao. Nimewakataa. Shangazi kasema baba yangu angekuwa hai angenicharaza, na kwamba yeye, dada yake, anaweza kumwakilisha.

Mbaya zaidi: kinyozi amejiandikisha shule ya udereva! Kinyozi hana gari. Hana hata baiskeli.

Jumanne, 11 Machi

Sina raha. Chai haishuki. Kila gari likipiga honi natoa kichwa nje.

Baadaye: wazo! Kanuni inakataza kumrudia uliyemkataa. Haikatazi kukutana naye upya. Niliyemkataa ni mchumba aliyeletwa na Shangazi. Nikijiandikisha udereva nitakutana na mwalimu wangu, mtu mwingine kabisa. Wa tano! Na anawazidi wote wanne, akiwemo yeye mwenyewe. Hesabu ni tamu jamani.

Ijumaa, 14 Machi

Somo la kwanza. Kinyozi kakaa kiti cha nyuma kusubiri zamu yake, akitaja makosa yangu kabla sijayafanya. Mwalimu alinikumbuka vizuri sana. Alisema mtu wa sababu za kitaalamu na afunge mkanda.

Nikaona nimwonyeshe mimi ni nani. Nikaomba tupite mtaani kwetu, niegeshe mbele ya duka langu. Vipimo si ndiyo kazi yangu? Nilikadiria upana. Nilikadiria mwendo. Pedali sikuzikadiria. Badala ya breki nikakanyaga mafuta, na tukaingia dukani bila kupitia mlangoni.

Breki ya upande wa mwalimu ndiyo iliyotuokoa. Kioo cha mbele ya duka hakikuokoka, wala kile kinachonenepesha watu. Kinyozi alishuka, akatangaza kwamba kutembea kuna faida nyingi kiafya. Akaenda zake.

Mwalimu akauliza kama nimeumia. Kisha akaomba ufagio. Tukafagia sote, na katikati ya vigae vile vya kioo uvumilivu ukanishinda. Nikamwaga yote: redio, theluthi, wa pili, wa tano. Nikamwambia tangu aondoke sijakata kioo kikanyooka. Akaegemea ufagio. Akasema hajaona mwanamume aliyezunguka mbali hivi kukwepa kusema neno moja. Kisha akacheka, kicheko kile kile. Atakuja Jumapili jioni tunywe chai, kwa sharti moja: niachane na hesabu.

Nimeapa. Nampenda! Nimeliandika na silifuti.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka nikiimba. Nimekwenda kunyolewa kwa kinyozi, tumesameheana. Masikio yangu yote yapo. Akanishauri nisiguse chochote, mambo yakikaa vizuri yaachwe yalivyo. Nikamwambia ameongea jambo la maana kwa mara ya kwanza.

Jioni nikafikiri. Kanuni imefanya kazi, sawa. Lakini nani amethibitisha? Kwa Shangazi wamebaki saba sijawaona. Hawezi kutokea wa kumzidi mwalimu, najua hivyo moyoni, ila moyo si ushahidi. Nikiwaona hao saba itajulikana wazi kwamba nilichagua vizuri, naye mwenyewe atafurahi kuambiwa. Huo si uchumba, ni uhakiki. Wala kiapo sijavunja, maana sihesabu, naangalia tu.

Shangazi kafurahi mpaka machozi. Wa kwanza wao anamleta kesho jioni, hana nafasi siku nyingine. Mwalimu naye anakuja kesho jioni. Duka ni chumba kimoja, na mbele hakuna tena kioo, hata paka akipita anaonekana.

Nimekadiria uwezekano wa wao kukutana. Ni mdogo sana.