Malalamiko Dhidi ya Daktari Aliyempima Mwenye Farasi Badala ya Farasi

Kwa Mkuu wa Idara ya Mifugo,
Ghorofa ya pili, mlango wenye kitasa kilichong'oka.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mgongo, kwa kuwa humu ndani habari ni za migongo tu.

Mimi ni mkaguzi wa bomba kuu la maji, lile linaloteremka kutoka tangi la mlimani hadi mjini, kilomita tisa. Kwa miaka kumi na moja nimelikagua nikiwa juu ya farasi, maana pikipiki haipiti kwenye yale mawe, na mimi mwenyewe, tukiambiana ukweli, kwa miguu sipiti hata kwenye lami. Farasi ni mali ya Idara ya Maji lakini analala uani kwangu. Nyumbani tunamwita Diwani, kwa sababu hawezi kupita mlango wa mtu bila kusimama kusalimia.

Nisikuzungushe. Diwani ana maumivu ya mgongo na tabia zake zimeharibika. Nilimleta kwenye zahanati yako ya mifugo atibiwe. Daktari wako akanitibu mimi.

Hilo ningelimeza, kama nilivyomeza mengi, lakini jambo lenyewe lina tarehe. Msimamizi wangu ameandika kwamba nisipoleta cheti cha daktari kwamba Diwani bado ni farasi wa kazi kufikia mwisho wa mwezi, Diwani atauzwa kwa mwenye machimbo ya kokoto. Kule, Ndugu Mkuu, farasi huingia na miguu yake minne, kinachotoka ni habari zake tu. Zimebaki siku tisa. Kalamu ya kusaini cheti anayo daktari wako, na ameigeuzia upande wangu. Kwa hiyo nakuomba uyasome malalamiko haya. Nimeyapa namba ili yasikanyagane.

1. Tabia za farasi. Ni miezi mitatu sasa. Kila asubuhi nikimfunga mkanda wa tumbo, Diwani hujijaza upepo kama mpiga tarumbeta. Nikishapanda, anaushusha. Mkanda unalegea, na mimi pamoja na tandiko tunazunguka polepole kuelekea kushoto mpaka najikuta nalitazama bomba kwa chini. (Kwa uaminifu wa kazi nakiri kwamba siku moja niliona uvujaji kwa njia hiyo.) Nikirudi juu, anageuza shingo na kuniuma goti. La kulia tu, la kushoto hana ugomvi nalo. Tukifika koki ya tatu, analala chini. Haanguki, Ndugu Mkuu. Analala kwa adabu zote, kama mgeni aliyeonyeshwa godoro.

2. Huu si ugonjwa, ni uhuni, na ushahidi ninao. Binti yangu wa mwisho humpanda bila tandiko kwenda kuleta majani, na Diwani huyohuyo hutembea kama bwana harusi. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na ameshazungusha utepe kwenye nusu ya viuno vya mji huu, alisema, "Baba watoto, huyo mtoto mzima mzima ana uzito wa staftahi yako." Sikuona uhusiano wa mambo hayo mawili, na mpaka leo sijauona.

3. Uchunguzi wenyewe. Daktari wako ni binti mdogo mwenye buti za mpira. Alimbonyeza Diwani mgongoni kwa vidole viwili, kuanzia shingoni kwenda nyuma. Alipofika katikati, farasi aliinama kama kigoda kilichovunjika mguu, akaguna. Daktari yeyote mwenye kuheshimu kazi yake angechukua sindano hapohapo. Huyu alisema, "Mzee wangu, nionyeshe tandiko."

Mzee! Nina miaka hamsini na miwili, na meno yangu yote isipokuwa matatu.

4. Tandiko. Hapa ndipo nilipodhalilishwa, na si mimi peke yangu, bali ukoo mzima wa mke wangu. Tandiko la zamani lilikuwa gumu kama moyo wa mdai. Shemeji yangu, fundi wa makochi, akanionea huruma, akanitengenezea jipya kutokana na kochi la mtu mmoja: springi tisa, sponji ya kutosha, kiegemeo cha nyuma, na mfuko pembeni wa chupa ya chai. Alinipima mara tatu, kiuno, makalio na urefu wa mgongo. Farasi hakumpima. Alieleza kwamba katika miaka ishirini ya kutengeneza makochi hajawahi kupima sakafu ya mteja hata mmoja. Tulilitazama hilo neno kwa pande zote, yeye na mimi, hatukuliona tundu.

Daktari alilipindua tandiko akaonyesha fremu ya mbao na vichwa viwili vya springi vilivyochungulia nje. Akasema, "Juu umekaa sebuleni, mzee, chini umemlaza mwenzako kwenye misumari."

Ni kweli tandiko lilikuja miezi mitatu iliyopita. Watu wenye haraka ya kuunganisha mambo watarukia hapo. Lakini miezi mitatu iliyopita pia palifungwa taa mpya mtaani kwetu, na sijasikia mtu akiishtaki taa.

5. Mzani. Nilipokataa hoja ya tandiko, daktari aliomba nipande kwenye mzani. Nikadhani ni mzani wa watu. Ulikuwa ule wa ng'ombe, wenye mageti mawili, na geti la nyuma likafungwa kwa mazoea. Nilisimama mle ndani mbele ya foleni nzima. Mtu mmoja aliyeleta mbuzi wake akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Huyu anauzwa kwa kilo au kwa kukadiria?" Daktari wako hakumkemea. Alikuwa anaandika namba huku anacheka.

6. Dawa. Namnukuu kutoka kwenye kadi ya Diwani, neno kwa neno: "Mgonjwa: mwenye farasi. Dawa: tandiko lisimguse farasi tena. Farasi asibebe mtu kwa wiki sita. Mwenye farasi atembee bomba lote kwa miguu, akimwongoza kwa kamba." Akaniambia farasi wa kubeba spana na vipuri tu naye ni farasi wa kazi, kwa hiyo cheti atakigonga muhuri siku hiyohiyo, ilimradi nisaini chini ya neno "mgonjwa".

Nilikataa kusaini. Mtu hawezi kukubali ugonjwa ambao dawa yake ni kilomita tisa. Wahenga walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Hawakusema mzigo ushuke utembee.

7. Tangu siku hiyo mke wangu ameibandika nakala ya kadi ukutani jikoni. Sahani yangu imekuwa ndogo. Diwani anaongezewa karoti. Nyumba gani hii?

Kwa sababu hizo, naomba kwanza nipewe daktari mwingine, mtu mzima, ikiwezekana mwenye macho dhaifu. Pili, Diwani achomwe sindano ya adabu. Kama sindano hiyo haijagunduliwa, basi aitwe mbele ya jopo la madaktari watatu aeleze kwa kinywa chake anaumwa wapi, na akinyamaza ichukuliwe kuwa amefuta madai. Tatu, kama jopo litashindwa, Idara yako iiandikie Idara ya Maji bomba lihamishwe, lipite njia ambayo farasi atakuwa anateremka akienda na anateremka akirudi. Najua ni kazi kubwa. Lakini ukilinganisha na kunitembeza mimi, ni nafuu.

Nisikuchoshe zaidi. Nisalimie wote hapo ofisini: karani wa masijala, mlinzi wa getini, mama anayepiga deki ngazi. Mwenye mbuzi naye, kama bado yuko kwenye foleni. Daktari simsalimii, ila mwambie sina kinyongo, nina ushahidi.

Ni mimi mtumishi wa maji, mzima wa mgongo na wa akili,

Mkaguzi wa Bomba Kuu

N.B. Ndugu Mkuu, barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha mke wangu alipoifungua. Aliisoma yote akiwa amesimama, akasema, "Sawa. Kama tandiko halina kosa, tumpe mtu anayejua kusema alijaribu." Mimi ni mtu wa ushahidi. Nilitoka uani nikapiga magoti, nikaweka mikono chini.

Akanitandika. Alipouvuta mkanda wa tumbo, nilijikuta nimejijaza upepo, wala sikufundishwa na mtu. Kisha akakaa. Mke wangu si mnene. Aliegemea, akanyoosha miguu, akamwita binti yetu amletee chai. Nilipohesabu hadi nne niliijua springi moja. Kwenye saba niliijua ya pili. Kwenye kumi na moja niligeuza shingo, na sasa nakiri mbele yako kwamba pindo la gauni lake lina alama za meno yangu. Kwenye kumi na tano nililala. Sikuanguka.

Kwa hiyo naomba namba moja hadi saba zifutwe, na bomba libaki lilipo. Ndani ya bahasha utaikuta kadi ya daktari. Nimesaini chini ya neno "mgonjwa", na wino ukisambaa kidogo unisamehe. Mwambie yule binti agonge muhuri leoleo, siku tisa zisije zikawa nane. Mwambie pia nilimwita mdogo kwa makosa. Kesho alfajiri nitaanza na koki ya kwanza kwa miguu, na nikifika ya pili nitamshukuru Mungu.

Nakuandikia maneno haya nikiwa nimelala kifudifudi palepale uani, kwa kuwa bado sijaweza kuinuka. Diwani, ambaye kwa miezi mitatu hajanisogelea bila kuvutwa, amekuja mwenyewe. Amenusa mgongo wangu wote, amefika katikati, amesimama hapo anapumulia pumzi ya moto.

Nimemwacha aendelee.