Nani Kaweka Kibao Bombani?

"Tumekwisha!" Redio aliingia baa ya Casilda kabla mlango haujafunguka vizuri, gazeti la mkoa mkononi, miwani imepanda juu ya nywele. "Waendesha baiskeli hawaji tena! Imeandikwa hapa, ukurasa wa michezo, chini ya tangazo la matrekta."

Redio jina lake ni Obdulia, ila tangu mumewe afariki hakuna habari ya bonde letu isiyopitia kwake kwanza. Breki, aliyeendesha basi la bondeni miaka thelathini na moja na anayedai hakuwahi kugonga hata kuku, aliweka karata zake kifudifudi.

"Soma basi, acha kelele."

"'Msafara wa baiskeli wa Jumapili hautapita Valdeorzo kama ilivyopangwa. Waandaaji wamepata taarifa kwamba maji ya bomba la kijiji hicho hayafai kunywa. Waendeshaji watapanda mlima kwa upande wa Torrecueva.'"

"Torrecueva!" Breki akapiga meza, vikombe vikaruka. "Torrecueva wana nini? Barabara yao ina mashimo ya kuzikia punda! Huku kwetu mtu anapanda kilomita kumi na moja anakutana na magari mawili tu, la mkate na la posta, na la posta Jumapili halipo!"

Casilda, nyuma ya kaunta, aliacha kufuta glasi. Juu ya kichwa chake yananing'inia mapaja mawili ya nguruwe aliyoyanunua kwa ajili ya msafara huo, na jikoni mayai yamepangwa mpaka dirishani.

"Nilishawaambia," alisema polepole. "Baa mwaka huu imelala. Jumapili hii ndiyo nilikuwa naitegemea. Wasipopita, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli ikifika nafunga mlango, naenda kukaa na binti yangu mjini Zaragoza."

Baa ikifungwa, sisi wazee kumi na wanane wa kijiji hiki tutakaa wapi? Kanisani? Padri mwenyewe anakuja mara moja kwa mwezi, na akija anaanzia hapa.

Mimi nilikuwa nimezikodolea macho karata zangu kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Maana nikufiche nini wewe: kile kibao cha bombani kilicholeta taarifa hiyo niliandika mimi.

Usinitukane kwanza, nisikilize. Wananiita Kivuli kwa sababu mahali pangu ni lile benchi la mawe kando ya bomba la uwanjani, kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Miaka na miaka hakuna aliyeniuliza. Mara wakaja hawa jamaa. Kila Jumamosi nakuta makalio manane yamebanwa na kaptula yamejaa benchini kwangu, viatu vinagonga mawe ko-ko-ko, wanajimwagia maji vichwani, wanasimuliana mapigo ya moyo na gia. Wakishajaza chupa, wanaingia kwa Casilda? Thubutu! Wanapanda baiskeli, hao, wameondoka. Basi asubuhi moja nikachukua ubao na rangi iliyobaki ya banda la mbuzi, nikaandika MAJI HAYAFAI KUNYWA. Nikajua kiu itawaingiza baa, na benchi nitarudishiwa. Kumbe hao jamaa wa baiskeli walikipiga picha kibao wakarushiana kwenye simu mpaka imefika gazetini.

"Lakini kibao kakiweka nani?" Breki aliuliza.

"Nimempigia meya," Redio akasema. "Anasema alidhani kimeletwa na mkoa. Nikapiga mkoani, wanasema walidhani kimewekwa na meya. Wote wawili wameniambia kazi nzuri inaendelea."

"Na mimi wiki tatu nachota maji kule kwenye kikanisa cha mlimani! Kwa goti hili! Muulizeni Kivuli, si tunakwenda wote na madumu?"

Kweli tulikuwa tunakwenda wote. Ningefanyaje? Ningeonekana nakunywa bombani peke yangu, ningejulikana. Kila asubuhi nilipanda mlima na Breki, dumu kila mkono, tukimlaani aliyeharibu maji, tena mimi nikilaani kwa sauti kumshinda.

"Mtu huyo akipatikana achapwe," nikasema, ili nisionekane nimekaa kimya.

"Achapwe tu?" Redio aliruka. "Aogeshwe humo humo bombani, mwezi wa kwanza, theluji imeanguka!"

"Watakuwa watu wa Torrecueva," nikaongeza haraka.

"Ala!" Redio akanikatiza. "Watoke kote huko na ubao kwapani? Kikulacho ki nguoni mwako, Kivuli."

Casilda aliingia jikoni, akarudi na vikombe vitatu vya kahawa. "Kunyweni. Hasira haijawahi kuokoa baa."

Tukanywa. Breki alipofika nusu ya kikombe, Casilda akaegemea kaunta.

"Mnisamehe, jamani. Maji ya baa yamekatika tangu asubuhi. Hiyo nimeipika kwa maji ya bomba la uwanjani."

Breki alitema yote kwenye karata. Redio alishika koo kwa mikono miwili. "Mama yangu wee! Niitieni padri!"

"Padri anakuja tarehe ishirini," Casilda akamjibu.

"Basi nitajikaza!"

Na mimi? Mimi nilikuwa nakoroga sukari. Nilishapiga funda la pili, na nikasikia mdomo wangu, mdomo wangu mwenyewe huu, ukiuliza, "Casilda, vile vibiskuti vya limau vimeisha?"

Macho sita yakanigeukia.

"Kivuli," Casilda alisema kwa upole wa kutisha, "mbona wewe huogopi?"

"Aah, mimi ni mtu wa leo au kesho..."

"Acha zako!" Breki akadakia. "Juzi ulikohoa mara mbili ukataka uletewe helikopta!"

"Maji yakichemka si yanakuwa salama?"

"Ungekuwa unaamini hivyo," Casilda akasema, "ungechemsha nyumbani kwako, usingebeba madumu wiki tatu. Mlango wa banda lako la mbuzi una rangi gani?"

Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Kijani," Redio akanijibia. "Kijani kile kile cha kibao. Wallahi siku za mwizi arobaini, wewe umekamatwa ya ishirini na moja!"

"Madumu!" Breki alikuwa amesimama. "Goti langu! Na ulikuwa unaniambia 'pole, ndugu yangu'!"

"Pole nilikuwa naitoa moyoni, Breki," nikamjibu, kisha nikageukia kaunta.

"Nilitaka kukusaidia, Casilda," nikasema. Niliona aibu, nasema kweli, mpaka masikio yakawaka. Angenipigia kelele ningejitetea, lakini yeye alinitazama tu kama anayetazama maziwa yaliyomwagika.

"Umenisaidia kufunga," alisema, akachukua simu.

Alimpigia Nerea, msichana anayeongoza msafara, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Mama Casilda, mimi nakuamini," Nerea alisema, "ila picha imeshasambaa. Hawa watu mia mbili wanataka waone kwa macho yao."

"Wataona. Kuna mzee wa hapa atasimama bombani, kila kundi likifika anakunywa glasi moja mbele yao."

"Kwani makundi mangapi?" nikauliza.

"Ishirini na tano," simu ikajibu.

"Glasi zile ndogo?"

"Zile za bia," Breki akasema.

Jumapili walikuja. Nilivalishwa shati jeupe, nikasimamishwa bombani, Breki pembeni yangu akijaza glasi mpaka juu kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni kwake. Kundi la kwanza likafika, jasho linawatiririka. "Karibuni! Maji safi!" Nikanywa. Wakapiga makofi, wakajaza chupa, wakaondoka. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Casilda amesimama mlangoni na vimanda vyake vya viazi vinapoa, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Moyo uliniuma.

Kundi la sita, sio moyo tu. Nina miaka sabini na minne, na kibofu cha umri huu kina sheria zake. Nikamsukumia Breki glasi, nikakimbilia nyuma ya ukuta wa kanisa. Nikarudi, kundi la saba, nikanywa, nikakimbia. La nane nilianza kukimbia kabla sijameza.

Sasa jiweke wewe kwenye baiskeli. Umetoka konani, koo limekauka, unamwona mzee anakunywa maji ya bomba, uso unambadilika, anashika mkanda, anatimua mbio.

"Jamani, mmeona?" alisema mmoja mwenye fulana ya njano, akimwaga chupa yake chini. "Haijapita hata dakika!"

"Ni hayo maji!"

"Hapana, ni uzee!" nikapaza sauti nyuma ya ukuta. "Maji mazuri, naapa!"

Nani atamwamini anayeapa kutoka nyuma ya ukuta? Habari ilishuka mlima kwenye simu zao kabla baiskeli hazijapanda. Kuanzia kundi la tisa bomba halikuguswa. Wote kwa Casilda! Waliokuwa wamejaza chupa mapema walirudi kutoka kileleni wamepauka, wakitaka kitu kikali cha kuua vijidudu. Saa nane mapaja ya nguruwe yalibaki mifupa, na Redio alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba akidai mayai.

Alasiri uwanja ukatulia. Benchi langu tupu, kivuli kimelala vizuri. Nikakaa. Nikainuka, nikaenda ukutani. Niliporudi, Casilda alikuwa amekaa mahali pangu, viatu amevua.

"Nerea kasema mwakani wanarudi. Mia tatu," alisema.

"Kwa hiyo hufungi?"

"Nifunge nini? Ila wameuliza kama yule mzee atakuwepo tena. Wanasema bila yeye wangepita moja kwa moja, wasingejua kimanda changu."

"Ukawajibuje?"

"Atakuwepo."

Breki, aliyekuwa bombani na Redio wakikusanya glasi, alicheka mpaka akasahau goti. Redio akatoa hukumu: kuanzia leo huyu haitwi tena Kivuli, anaitwa Bomba.

Nilikuwa na jibu lake, tena kali, ila nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ya ukutani.