Rojo la Pentekoste

Jumatano, 28 Mei 1952

Mama mkwe Tekla ameshuka garimoshi kutoka Usinge. Sijamaliza shikamoo, keshamshika Pelagia mkono na kuupima kwa vidole viwili, kama kuku wa sokoni. Amesema mtoto wa miaka miwili ana mkono kama bua la mtama. Eti hapa hali chakula. Baada ya Pentekoste anakwenda naye Usinge, kama alivyowachukua wajukuu wengine wote walipoachishwa ziwa.

Alois, mume wangu, amesema labda. Kisha akatazama viatu vyake.

Mtoto wangu! Anayelala na ncha ya kanga yangu mdomoni!

Sikulia. (Kidogo tu, jikoni, lakini kulikuwa na moshi.) Nina mpango. Jumapili Alois anachoma mbuzi. Nitapika rojo la kuchovea nyama ambalo mama mkwe atalamba mpaka kiwiko. Nani atasema tena kwamba nyumba hii hailishi mtoto?

Alhamisi, 29 Mei

Nyanya, vitunguu, pilipili, asali ya msituni. Ukwaju kwa Bwana Jivraj dukani. Nimechemsha. Chachu! Meno yamekufa ganzi. Nikatia asali. Likawa tamu kama dawa ya kifua. Nikatia ukwaju. Chachu tena. Asali. Chungu kikajaa, nikahamia sufuria. Sufuria ikajaa, nikahamia karai la kufulia.

Jirani Bertila alichungulia uani akauliza natia rangi nguo za nani. Nikaendelea kukoroga. Rojo lake yeye ni maji ya nyanya, mji mzima unajua.

Ijumaa, 30 Mei

Limekubali! Nilitia mchuzi wa mifupa ya mbuzi, nikaonja, macho yakafumba yenyewe. Ndipo nikakumbuka leo Ijumaa, siku ya kutokula nyama, na kijiko kiko mdomoni. Nikatema. Sehemu ilikuwa imekwisha pita.

Pelagia amekula matonge mawili ya ugali, la tatu akampa kuku. Mama mkwe ameona. Ameanza kukunja vigauni vya mtoto kwa safari.

Jumamosi, 31 Mei

Nimeungama. Padre aliuliza mchuzi ulikuwa kiasi gani. Nikasema kijiko, ila kikubwa. Akakohoa muda mrefu.

Jioni nimemimina rojo lote katika sufuria kubwa ya kuazima, nikaliongezea nyanya ili litoshe wageni. Chumvi kesho.

Jumapili, 1 Juni, Pentekoste

Asubuhi, moto tayari, rojo linachemka. Siwezi kuonja! Tangu usiku wa manane hata maji hatujanywa, twakwenda kupokea Komunyo. Mama mkwe vilevile, Alois vilevile. Nikakimbia kwa Bi Kherunisa, jirani mwema. Akacheka, akanikumbusha ni Ramadhani. Bwana Jivraj, ambaye dini yake haimruhusu nyama, alinusa tu mifupa, akarudi nyuma hatua tatu. Nikampata mzee Masolwa, Mmoraviani, wao hawafungi hivyo. Akaonja, akasema tamu sana. Lakini mzee huyu ana ugoro mdomoni tangu Vita ya Kwanza. Hata kwinini kwake ni tamu sana.

Nikatia chumvi kwa jicho. Ngumi moja.

Adhuhuri, tumetoka tu kanisani na wageni nyuma yetu. Nyama ikaja, wageni wakachovea. Mara kila mtu akanyoosha mkono kwenye mtungi. Bertila alikunywa kata tatu bila kupumua, na bado alipata nafasi ya kutabasamu. Alois akakiri kwamba aliniona nina kazi nyingi, akanisaidia kutia chumvi. Ngumi moja. Nikatazama viatu vyangu.

Mama mkwe naye akawa anatazama viatu vyake! Akasema, polepole, kwamba yeye huwa hawaamini wakwe kwa chumvi. Ngumi moja. Na yake ni kubwa.

Nikajua basi, mtoto kaenda. Nikageuka kumchukua nimkumbatie walau. Hayupo. Yuko chini ya meza na bakuli. Anachovya ugali, anameza, analia, anachovya tena. Makamasi, machozi, rojo mpaka masikioni. Nilipovuta bakuli aliniuma. Matonge saba!

Mama mkwe alimtazama mpaka tonge la mwisho. Akasema, “Huyu hana njaa, mama Pelagia. Huyu ni mkaidi, kama wewe. Hatoki hapa.”

Nikapiga magoti kushukuru.

“Na mimi sitoki,” akasema, “mpaka ujue kupima chumvi.”

Jumatatu, 2 Juni

Vigauni vimerudi sandukuni mwetu. Pelagia kalala na ncha ya kanga yangu, tumbo kama ngoma. Mama mkwe naye kachukua kitanda chetu. Ameniagiza neno moja tu: onja kwanza, ndipo utie.

Nina mpango. Nitapika karai jingine, zuri kupita lile, aone nimefuzu, apande garimoshi la Alhamisi. Sasa amekwenda kisimani, rojo linachemka. Chumvi nilitia. Au ilikuwa bado? Kuonja kutanichelewesha, anarudi.

Naongeza ngumi moja tu.